Ziwa Kivu: Mazoea madogo yanayomsaidia mvuvi kurudi na samaki

BUKAVU – Kila alfajiri, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inarudi kando ya ziwa, na mama wauzaji wanaingoja na mabeseni yao. Sambaza wakiwa wachache, bei inapanda siku hiyo hiyo katika soko la Kadutu, na familia nyingi zinakula ugali na sombe bila samaki. Wavuvi wengine wanatafuta dawa kwa kununua wavu wenye matundu madogo zaidi, hata chandarua cha mbu. Lakini ziwa hili lina tabia yake, na anayeijua anavua vizuri kuliko mwenye wavu mwembamba.

Ziwa refu, makao mafupi

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, lakini samaki hawaishi humo mote. Kuanzia mita 60 au 70 hivi kwenda chini, maji hayana oksijeni. Yamejaa gesi ya metani na kaboni dioksidi. Samaki wote wanabanana katika maji ya juu, na wadogo wengi wanakulia karibu na ukingo. Kwa hiyo anayekokota chandarua ukingoni anazoa sambaza ambao wangekuwa mavuno ya miezi ijayo, tena kwa uzito usiojaza hata sahani.

Sambaza wenyewe waliletwa hapa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku wanapanda juu kufuata vijidudu wanavyokula, na vijidudu hivyo vinavutwa na mwanga. Ndiyo maana tunavua kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa unakosa nguvu na mavuno yanapungua. Mvuvi mwenye busara hatumii mafuta ya bure siku hizo: anashona wavu, anaziba mtumbwi na kulala.

Kwa wewe wa ndoano

Wanaovua kwa ndoano kwenye mawe na ghuba ndogo za Bukavu nao wana masomo yao. Zoea la kwanza ni saa. Tilapia anakuja maji mafupi asubuhi mapema na jioni. Jua likiwa kali anashuka. Kambale anatafuta chakula usiku, na pua yake inamwongoza kuliko macho, basi chambo chenye harufu kinamfaa.

Zoea la pili ni ndoano yenyewe. Inoe au ibadilishe kabla haijawa butu, na chunguza uzi mita ya mwisho, kwani mawe ya volkeno yanaukwaruza. Samaki mkubwa anakatikia hapo. Mdomo wa tilapia ni mdogo: ndoano kubwa inampa chambo cha bure. Kaa kimya pia. Hatua nzito juu ya jiwe inasikika majini.

Zoea la tatu linahitaji moyo. Tilapia jike anatunza mayai na watoto wake mdomoni. Ukimvuta mwenye mdomo uliovimba, lowesha mikono kwanza, mtoe ndoano polepole na umrudishe. Umepoteza kitoweo kimoja, umeacha mamia. Samaki mdogo kuliko kiganja naye arudi.

Daftari na kivuli

Wavuvi wengi wanakumbuka siku nzuri na kusahau siku mbaya. Daftari la shule linatosha: andika tarehe, mahali, upepo, mwezi, chambo na kilo. Baada ya miezi mitatu utaona mwenyewe ghuba gani inakudanganya na gani inakulisha.

Kisha linda ulichopata. Samaki aliyeachwa kwenye jua chini ya mtumbwi anapoteza bei kabla ya kufika Nyawera. Muue haraka, mwoshe kwa maji safi, mfunike kwa majani mabichi au gunia lenye unyevu, kivulini. Kilo moja ya samaki wazima inaweza kuleta faida kuliko kilo mbili zilizolegea. Uzi wa nailoni uliokatika usiuache majini, maana unaendelea kuua bila kumlisha mtu. Wala usitupe mfuko wa plastiki: plastiki kama hizo zinashuka hadi bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo inayotupa umeme.

Kurudi nyumbani

Mnamo Oktoba 3, 2024, meli Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikitoka Minova, na makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya watu waliokuwa ukingoni. Mtumbwi wa mvuvi ni mdogo zaidi ya hapo. Jaketi la kuokolea, kibuyu kinachoelea, na kumwambia mtu wa nyumbani unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi: hayo ni sehemu ya uvuvi kama chambo kilivyo.

Upande wa Rwanda, serikali imekuwa ikisimamisha uvuvi kwa karibu miezi miwili kwa mwaka ili samaki wazaane. Samaki hawajui mpaka. Wakipumzishwa ng'ambo na kuzolewa wakiwa wadogo huku, hasara ni ya pande zote. Hakuna askari anayeweza kusimama kwenye kila ghuba kutoka Bukavu hadi Idjwi. Kazi hiyo inabaki kwa mvuvi mwenyewe, kila anapoamua wavu gani apakie na samaki gani arudishe majini.