Nembo ya Kikundi: Muulize Asiyewajua

Vikundi vingi vya Thika na Ruiru humpa kazi ya nembo kijana anayeanza kuchora. Akileta mchoro, wote husema "ni mzuri" wasimvunje moyo. Muhuri ukishatengenezwa na pesa kwisha, ndipo manung'uniko huanza.

Kijana, usiulize kama ni mzuri. Mwonyeshe mama anayeuza mboga sokoni, asiyejua kikundi: "Mama, hapa unaona nini?" Halafu unyamaze. Nanasi likifanana na guruneti, atakwambia. Hata kahawa, ingawa mbegu ya Ruiru 11 ilitolewa huko Ruiru mwaka 1985, punje ikichorwa vibaya ni haragwe tu.

Tena upunguze mchoro utoshe kwenye sarafu ya shilingi 20, kwa wino wa rangi moja, maana ndivyo muhuri utakavyopiga. Maandishi yakipotea, punguza maneno (majina ya vikundi vyetu ni marefu mno!).

Nanyi wanakikundi, chagueni watu wawili wa kumpa maoni. Mkiwa thelathini, huyu ataongeza ng'ombe, yule jembe. Mwambieni kisichoeleweka, dawa aitafute mwenyewe. Na kabla hajaanza, mwelewane bei hiyo ni ya marekebisho mangapi.