Vikundi vya Sala Mashuleni (2): Waliofukuzwa Mukono

Juma lililopita tuliishia Cambridge, ambako wanafunzi walianza mkutano wao wa sala wa kila siku mwaka 1862, na mwaka 1877 wakaunda umoja wao wa Kikristo. Leo tunahamia Uganda, na safari hiyo si ya kulazimisha. Kijana mmoja aliyelelewa na sala hizo za Cambridge, Joe Church, alikuja Afrika akiwa daktari na mwaka 1928 akafika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Mwaka uliofuata alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyesumbuliwa sana na ubaridi wa kanisa lake. Wakafungua Biblia, wakasali pamoja. Wanahistoria wengi wa Uamsho wa Afrika Mashariki huanzia hapo masimulizi yao.

Walioguswa na Uamsho waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na sisi tukawaita walokole. Waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, tena kwa kuzitaja: wizi, uzinzi, chuki. Aliyeiba alikirudisha alichoiba. Katika vikundi vyao kasisi na mpishi waliitana ndugu, na mmisionari Mzungu alitakiwa kutubu kama mwingine yeyote. Katika Afrika ya kikoloni hilo la mwisho halikuwa dogo hata kidogo.

Sasa twende Mukono, mashariki ya Kampala. Chuo cha theolojia cha Askofu Tucker kilianzishwa hapo mwaka 1913 kuwaandaa makasisi wa Kianglikana. Uamsho haukuingia chuoni kwa kunyata. Mwaka 1936 Church na wenzake walihubiri hapo kwa mwaliko wa Askofu Cyril Stuart mwenyewe, na wanafunzi wengi wakaamka. Kufikia 1941 walokole wa chuo, ambao William Nagenda, aliyewahi kuwa karani wa serikali, alikuwa mmoja wa vinara wao, walikuwa wakiamka alfajiri mno ili wasali pamoja. Baada ya kusali waliwahubiria wenzao. Walikemea wizi uliokuwapo chuoni, wakawakemea na walimu kwa mafundisho waliyoyaona yanapunguza uzito wa dhambi na wa msalaba.

Mkuu wa chuo alikuwa J. C. Jones, Mwelshi ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa Bangor kwao Wales. Alipiga marufuku mikutano ile ya alfajiri na mahubiri yale. Wanafunzi wakajibu kwamba hawawezi kumtii mwanadamu katika jambo waliloagizwa na Mungu. Oktoba mwaka huo wanafunzi 26, Nagenda akiwamo, wakafukuzwa. Kwa mtu aliyekuwa akingoja kuwekewa mikono, hilo lilikuwa pigo la maisha.

Wasimulizi wa upande wa walokole huieleza habari hii kana kwamba wakubwa wa chuo walichukia sala. Mimi sikubali. Chuo kile kilikuwa cha kanisa na kilikuwa na ibada zake, na hakuna aliyezuiwa kusali humo. Kilichomkera Jones ni sala isiyokuwa kwenye ratiba yake, inayoongozwa na mtu asiyemteua, ambamo mwanafunzi alipata kimo cha kumwonya mwalimu wake. Na tumtendee haki: mtu mzima anayeamshwa usiku na kijana wa bweni la jirani ili aelezwe dhambi zake ana sababu ya kununa. Walokole hawakuwa wanyenyekevu kila siku. Hata hivyo, kufukuza watu 26 kwa mpigo ni dalili kwamba uongozi ulikuwa umekosa neno la kuwaambia.

Wengi walitazamia waliofukuzwa waanzishe kanisa lao, kwa kuwa Afrika ilikwisha kuona makanisa mengi yakizaliwa kwa ugomvi mdogo kuliko huo. Hawakufanya hivyo. Walokole walibaki ndani ya Kanisa la Uganda, wakawa wasumbufu wake na baadaye uti wake wa mgongo. Nagenda hakupewa ukasisi maisha yake yote. Alihubiri akiwa mlei, Afrika na ng'ambo, na alisikilizwa na watu wengi kuliko makasisi wengi wa kizazi chake. Chuo chenyewe, tangu 1997, ni Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda.

Huku kwetu Tanzania Uamsho uliingia kwa mlango uleule wa shule. Chuo cha ualimu cha Katoke, katika Kagera ya leo, kilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Mnamo miaka ya 1940 mwalimu kijana kutoka Kigezi, Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alikuja kufundisha Dodoma na kusali na wanafunzi wake. Mwalimu akihamishwa, kikundi cha sala huhama naye, na kile alichokiacha hubaki mikononi mwa wanafunzi.

Swali la Mukono kuhusu nani apange saa ya sala lipo bado katika shule zetu za bweni, ingawa siku hizi hujibiwa kwa barua ya kuomba ruhusa ya kesha na sahihi ya mlezi. Jinsi vyama vya wanafunzi wa Kikristo, UKWATA, TYCS na CASFETA, vilivyogawana wanafunzi na madarasa ya jioni, tutaona juma lijalo.