Wasuluhishi wa mwili wanapoikingia kifua saratani ya utumbo mpana

Ukitua kiroba cha mahindi kwenye mashine ya kusaga pale Mutuka, mjini Babati, swali la kwanza ni moja: tukoboe au tusage dona? Wengi husema koboa, maana sembe ni nyeupe na ugali wake ni laini. Pumba huenda kwa kuku na ng'ombe. Jibu hilo la haraka lina uhusiano na seli ndogo sana zilizowapa wanasayansi watatu Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025, na seli hizo hizo zina mkono katika saratani ya utumbo mpana.

Tumezoea kuiita kinga ya mwili jeshi. Lakini jeshi lisilo na wa kulizuia huumiza raia wake. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao hutusaidia. Chembe nyeupe za damu zingemshambulia kila mmoja wao, tungekuwa na vidonda tumboni siku zote. Kwa hiyo mwili una wasuluhishi wake, seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuwaambia askari: inatosha, shusheni silaha.

Mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa panya wakikosa seli hizo, kinga yao hugeuka na kushambulia viungo vya mwili wao wenyewe. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waligundua jeni inayohusika, FOXP3. Mtoto anayezaliwa na hitilafu katika jeni hiyo huweza kuharisha vibaya na kupata kisukari angali mchanga.

Adui anapojificha nyuma ya mzee

Vijana wakigombania mpaka wa shamba, mzee akifika fimbo hushushwa. Ni kazi ya heshima. Sasa chukulia kwamba mwizi amejua kumwita mzee huyo, na kila anapozingirwa hujificha nyuma yake. Saratani hufanya hivyo.

Uvimbe hutoa kemikali zinazowaita wasuluhishi. Wakifika, hunyonya vichocheo ambavyo seli wauaji, askari wa kinga wanaoua saratani, huvihitaji ili zizaliane, na humwaga kemikali za kutuliza. Makrofaji, seli zilizopaswa kumeza adui, hugeuzwa zikausaidia uvimbe kuotesha mishipa mipya ya damu. Kuna pia seli changa zinazotoka kwenye uboho wa mifupa. Hizo humaliza ajinini, kirutubisho ambacho seli wauaji zikikikosa hulegea. Askari wanafika hadi ukingoni mwa uvimbe, lakini hawana nguvu.

Mwaka 2006, watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Jérôme Galon walihesabu seli T, zikiwemo seli wauaji, zilizoingia ndani ya uvimbe wa utumbo mpana. Hesabu hiyo ilitabiri maisha ya mgonjwa vizuri kuliko kupima tu saratani imesambaa kiasi gani. Na wasuluhishi wote si wa aina moja: mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha kuwa baadhi ya seli zenye FOXP3 katika saratani hii huchochea mapambano badala ya kuyazima. Ndiyo maana haitoshi kutafuta dawa ya kuzifuta zote.

Dawa za kuiondolea kinga breki zipo. Mwaka 2022, madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 12 wa saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ambao uvimbe wao ulitoweka bila upasuaji. Ila wote walikuwa na uvimbe wenye hitilafu ya kurekebisha DNA, na uvimbe wa namna hiyo ni takriban 15 tu katika kila 100 za saratani ya utumbo mpana. Tena dawa hizo ni ghali mno. Kwa wengi wetu, tumaini kubwa bado ni kuuwahi uvimbe ungali mdogo na kuukata.

Turudi kwenye dona

Makapi yanayobaki katika dona, pamoja na yale ya mbaazi na maharage yanayolimwa Babati, hayameng'enywi tumboni. Hufika kwenye utumbo mpana, bakteria wakayachachusha na kutoa asidi iitwayo butireti. Mwaka 2013, tafiti za panya zilionyesha kuwa asidi hiyo huongeza seli T dhibiti kwenye utumbo. Hapo msuluhishi ni rafiki, kwa sababu utumbo unaowaka kwa uvimbe-joto wa miaka mingi ndio shamba linalootesha saratani. Msuluhishi akiitwa mapema huokoa ukoo. Akija wakati nyumba inaungua, humzuia mwenye ndoo.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliona saratani hii ni adimu vijijini Afrika, na mwaka 1971 aliandika kuwa sababu mojawapo ni chakula chenye makapi. Leo wengi wetu tunakula kama watu wa nchi za Magharibi aliotulinganisha nao.

Damu chooni

Ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, unakonda bila sababu au unaishiwa damu, usijitibu mwenyewe. Wengi husema ni bawasiri au amiba, wakanunua dawa mara ya pili na ya tatu, na aibu ikafunga mdomo. Uvimbe mdogo unaogeuka saratani huchukua takriban miaka kumi kufika huko. Huo ni muda wa kutosha kuuwahi.

Nenda hospitali, mwambie daktari waziwazi: natokwa na damu chooni. Omba apime njia ya haja kubwa kwa kidole, na uulize kama unahitaji kupimwa utumbo kwa kamera. Kipimo na tiba zaidi huweza kukupeleka hospitali ya KCMC mjini Moshi au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Na siku nyingine mashineni, ukiulizwa, sema: saga hivyo hivyo.