Fahamu: Daktari wa usingizi na bima ya SHA

Nchini Kenya, mgonjwa anayesubiri upasuaji humjua daktari atakayempasua. Atakayemlaza usingizi mara nyingi hukutana naye mlangoni mwa thieta. Kumsaka mtaani ni kazi bure. Mabingwa wa usingizi ni wachache, na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huingia mkataba na hospitali.

Kwa hiyo swali la ada ya usingizi liulizwe hospitalini, kabla ya kulazwa.

Kwa kujifungua kwa upasuaji, SHA hulipa shilingi 30,000. Hospitali ya kibinafsi ikitaja bei kubwa zaidi, mgonjwa adai jibu la maandishi: ada ya usingizi imo au haimo? Atakayemlaza usingizi huenda akawa afisa wa kliniki aliyesomea kazi hiyo, jambo la kawaida Kenya.

Usajili wa SHA hufanywa kwa simu, *147#.