Manyani wa Adili katika Mashamba ya Bunda

Mtoto wa Bunda hahitaji kuelezwa nyani ni nini. Vijiji vingi vya wilaya hiyo vimepakana na Hifadhi ya Serengeti, na mahindi yanapoanza kubeba, watoto hupewa kazi ya kuyalinda. Hukaa juu ya kichuguu au juu ya jiwe, kombeo mkononi na debe bovu la kupigia kelele ubavuni. Nyani kwao ni adui. Ni mwizi mwenye akili, ajuaye saa ambayo mlinzi husinzia, na ajuaye pia kumtofautisha mtoto na mtu mzima. Basi ilikuwaje kitabu kilichoandikwa na mtu wa Tanga, kikachapishwa mwaka 1952, kiwafanye watoto wa namna hiyo wamwonee nyani huruma?

Kitabu hicho ni Adili na Nduguze, cha marehemu Shaaban Robert. Kwa wale waliokisoma zamani wakakisahau, na kwa vijana ambao hawakupata kukiona, habari yake kwa ufupi ni hii. Mfalme Rai wa Ughaibu alimtuma mjumbe wake, Ikibali, aende kwa Adili, mtawala wa Janibu, kudai kodi iliyochelewa. Usiku Ikibali akamwona mwenyeji wake akishika mjeledi na kuwapiga manyani wawili, huku machozi yakimtoka. Alipokwisha kuwapiga akawalisha chakula kizuri na kuwataka radhi. Habari zilipofika kwa Rai, Adili aliitwa ajieleze. Ndipo ilipojulikana ya kuwa manyani wale walikuwa nduguze, Hasidi na Mwivu, ambao aliwafadhili mara kwa mara na ambao mwishowe walimtupa baharini kwa sababu ya wivu. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, alimtoa majini, akawageuza wale wawili kuwa manyani, na akaamuru wapigwe kila usiku. Adili hakuwa na hiari katika jambo hilo.

Mifupa ya hadithi hii si ya Shaaban Robert. Imo katika Alfu Lela Ulela, ambayo iliingizwa katika Kiswahili tangu miaka ya 1920, na kila mtu aliyekuwa na mazoea ya vitabu zama hizo aliijua. Lakini yafaa kutazama mambo mawili ambayo mtungaji wetu aliyageuza. Katika hadithi ya Waarabu wale ndugu wawili waligeuzwa kuwa mbwa. Yeye aliwafanya manyani. Tena katika hadithi ya Waarabu, ndugu wale walipokwisha kurudishiwa umbo lao hawakutubu. Walimvizia tena ndugu yao wamwue, na mwisho wao ulikuwa kitanzi. Shaaban Robert alikataa mwisho huo. Kwake yeye, Hasidi na Mwivu walirudi kuwa watu, na wakawa watu kweli. Wako wasomi wanaosema kwamba kwa kufanya hivyo aliipunguza hadithi ukali. Mimi nasema alifanya kazi ngumu zaidi, kwa maana kumnyonga mhalifu katika hadithi ni kazi ya sentensi moja tu.

Kitabu kimejaa bahari, na watu wa Mara si watu wa bahari. Hata hivyo sijapata kumsikia mtoto wa Musoma akilalamika kwamba haelewi jahazi ni nini. Ziwa Viktoria liko mlangoni pake, upande wa pili hauonekani, na matanga ya mitumbwi hupita asubuhi na jioni. Adili alipotupwa majini, alitupwa katika maji tuyajuayo. Hali kadhalika Mji wa Mawe, ambamo watu waligeuzwa kuwa mawe. Mtu atokaye nchi tambarare huenda akahitaji kuufikiria mji huo kwa nguvu zake zote. Mtu wa kwetu huufikiria kwa kufungua dirisha. Majabali yetu yamesimama mawili mawili na matatu matatu kama watu wanaozungumza, mengine yamebebana mgongoni, tangu Musoma mpaka Bunda, na hasa pale Butiama, kando ya msitu wa Muhunda ambao Wazanaki huuheshimu. Watoto tuliyagawia majabali majina. Palikuwa na moja tuliloliita Mfalme, na jingine, dogo na lenye nundu, tuliloliita Mwalimu, ingawa si mbele yake.

Hapana budi tukumbuke pia ni kwa njia gani Kiswahili kilifika kwetu. Katika nyumba zetu husemwa Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kiikizu, Kijaluo na lugha nyingine nyingi, na kwa wazee wetu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya barabarani. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alitoka Butiama akiwa na umri wa miaka 12 kwenda kuanza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Aliyekuwa mtoto wa Kizanaki ndiye aliyekuja kuifasiri Juliasi Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tena ni mjini Musoma, mwezi Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe na nafasi ya elimu ya msingi. Shaaban Robert alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1962. Hakuwaona wasomaji ambao azimio lile lilimletea, na mimi ni mmoja wao.

Nilikisoma kitabu hiki mwaka 1979, nikiwa darasa la tano katika shule moja ya kijijini wilayani Bunda. Ilikuwako nakala moja, mali ya mwalimu, ambayo ilipita kutoka dawati hadi dawati kwa zamu. Tulisoma kwa sauti, kurasa mbili mbili kila mmoja. Nakala ile haikuwa na jalada, na jambo baya zaidi, haikuwa na kurasa za mwisho. Ilikoma pale ambapo Rai anataka kumwandikia Huria barua ya kuwaombea wale ndugu wasamehewe. Tulipofika hapo mtoto aliyekuwa anasoma alinyamaza, akageuza ukurasa, akauona uchi wa uzi na gundi. Tulimwuliza mwalimu mwisho wake. Alisema hajui, na yeye alikipata kitabu kikiwa hivyo.

Ndugu msomaji, sijui kama walimu wanafahamu ni kazi gani hufanywa na kitabu kisicho na mwisho katika vichwa vya watoto arobaini. Kwa majuma mawili hatukuwa na mazungumzo mengine. Wako waliosema Huria alikataa, kwa kuwa majini hawatii amri za wanadamu. Wako waliosema Adili alichoka, akautupa mjeledi, akakubali apigwe yeye. Kijana mmoja aliyekaa nyuma yangu alisema manyani wale walikata kamba wakakimbilia Serengeti, na kwamba ndio hao wanaokula mahindi yetu. Tulimcheka sana. Lakini jioni ile, nilipokuwa shambani, alitokea nyani dume, akakaa kitako juu ya jiwe akinitazama, na nilikuwa na kombeo mkononi, na sikulirusha. Mahindi yaliyoliwa siku ile niliyalipa kwa fimbo.

Na fimbo ndiyo ilikuwa jambo lenyewe. Sisi tulikuwa watoto wa fimbo. Tulipigwa nyumbani na tulipigwa shuleni, na hata sheria ya nchi ya mwaka 1963 ilikuwa imeweka viboko 24 kwa mla rushwa: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, kama alivyokumbusha Mwalimu Nyerere katika hotuba yake ya Mei Mosi kule Mbeya mwaka 1995. Hatukuwa tumewahi kuona katika maandishi mtu mzima anayepiga huku analia. Wala hatukuwa tumeambiwa kwamba mwenye mjeledi anaweza kuwa mfungwa sawasawa na anayepigwa. Naomba mtu asiniambie kwamba mtoto wa miaka 12 haoni jambo kama hilo. Huliona. Hana tu maneno ya kulitaja.

Nyumbani nilimsimulia baba. Yeye alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, akisoma kwa kidole magazeti ya vijijini, lakini kitabu kizima kilikuwa bado mlima kwake. Basi nilimsimulia kwa Kijita mbele ya koroboi, usiku tatu mfululizo. Nilikosa neno la jini, nikaliacha lilivyo. Baba alisikiliza habari za kodi na za safari kwa subira, kama anayemsikiliza mgeni. Nilipofika kwenye ndugu kumtupa ndugu yao majini alisogeza kigoda. Yeye na kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, walikuwa hawasemezani kwa miaka saba kwa sababu ya ng'ombe wa mahari ya shangazi yangu. Baba mkubwa alikuwa amehamia upande wa Butiama, na jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Baba aliniuliza hadithi iliishaje. Nikamwambia kurasa zimekatika. Akasema, “Basi hawakurudi,” akaenda kulala.

Sidai kwamba kitabu hiki hakina kasoro. Majina yenyewe ni hukumu: mtoto aitwaye Hasidi atakuwa nani tena asipokuwa hasidi? Mwelekevu, binti aliyekutwa peke yake katika Mji wa Mawe, ana adabu na uzuri, lakini baada ya hapo hana kazi kubwa ila kuwa sababu ya wivu wa wanaume. Tena mtungaji hupenda kusimamisha merikebu katikati ya bahari ili atoe mawaidha. Watoto huyaruka mawaidha hayo kama mbuzi arukavyo mtaro, na sioni kwamba wamepata hasara.

Wako pia wazazi wasiotaka mtoto asome habari za majini, wengine kwa sababu za dini, wengine kwa kuwa huona ni uongo unaopoteza wakati wa hesabu. Nawaheshimu, lakini huwauliza swali moja: hadithi walizosimuliwa na bibi zao jikoni, za sungura kumdanganya fisi, zilikuwa kweli? Na wako wanaosema tuwape watoto wetu hadithi za ziwa, siyo za pwani. Ni haki, nami ningependa kila shule ya Bunda imjue Aniceti Kitereza, aliyeishi ng'ambo ya kivuko cha Kisorya kule Ukerewe, akaandika kitabu kikubwa juu ya maisha ya wazee kwa Kikerewe mwaka 1945 na kukingoja zaidi ya miaka thelathini kipigwe chapa kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1981. Lakini tumbo la msomaji halijazwi na sahani moja, na kumpa mtoto Kitereza si sababu ya kumnyima Shaaban Robert.

Kinachonisikitisha sasa ni kwamba watoto wengi wanamjua mtungaji huyu kwa kipande tu. Hupewa aya mbili katika kitabu cha darasa, pamoja na maswali matano chini yake: Adili alikuwa mtu wa namna gani? Taja sifa tatu. Mtoto hutaja sifa tatu, hupewa alama tatu, na nyani hawamo. Sisi tulikosa kurasa za mwisho kwa bahati mbaya. Wao wanakoseshwa kurasa zote kwa mpango. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama hutumia fedha kwa mambo mengi ya elimu, na madawati ni jambo jema. Lakini dawati halisomwi. Nakala kumi nzima katika kila shule, zenye mwanzo na mwisho, zisizofungiwa katika kabati la mwalimu mkuu zisije zikachafuka, si mzigo wa kuishinda wilaya.

Mimi nilipata mwisho wa hadithi mwaka 1984, Musoma mjini, katika nakala ya kuazima kwa mtu niliyekaa kwake. Nilisoma nimesimama. Nilipokwenda likizo nilikwenda nayo, nikamwambia baba kwamba kurasa zimepatikana. Safari hii hakutaka nimsimulie kwa Kijita. Alitaka nisome kama ilivyoandikwa. Nikasoma jinsi Rai alivyoandika barua, na jinsi Huria alivyoridhia, na wale wawili wakarudi kuwa watu. Baba alinyamaza kitambo. Kisha akauliza nani hasa aliyeiandika ile barua. Nikamjibu kwamba ni mfalme.

“Kwa hiyo Adili mwenyewe hakuandika,” akasema.

Asubuhi yake aliniomba karatasi na kalamu. Mwandiko wake ulikuwa ule wa kisomo, herufi kubwa zilizosimama mbalimbali kama miti ya ua, na ilimchukua mpaka saa nne kumaliza mistari minne. Hakuniruhusu kuisoma. Nilitumwa kuipeleka Butiama kwa miguu na kwa lori, na nilimkuta baba mkubwa anaezeka zizi. Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, akairudia mara ya pili, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akaniambia niingie ndani nile.