Mama, Usingoje Maumivu

Mtoto akiugua usiku, mama wa Hirbadaw hangoji. Kukicha humfunga mgongoni akaenda zahanati, na hali ikizidi humfikisha Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayotibu watu wa Mbulu na Hanang tangu mwaka 1955. Lakini mama huyo huyo akiona damu baada ya tendo la ndoa, hunyamaza. Huona aibu. Na aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu tena, wenzake humwambia kwamba ujana umemrudia!

Akina mama, kimya hiki kinatuua. Damu ya namna hiyo, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu ya nyonga huweza kuwa ni maambukizo yanayopona kwa dawa. Lakini pia huweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Bila kupimwa huwezi kujua.

Chanzo chake

Karibu saratani zote za namna hii husababishwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2008 kwa kugundua jambo hilo. Watu wengi hupata virusi hivi, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Basi usiwe na haraka ya kumshuku mumeo. Visipoondoka, saratani huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kutokea. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10 tu.

Kipimo cha siki

Miaka hiyo ndiyo nafasi yetu. Mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Sehemu hiyo huchomwa kwa joto au hugandishwa. Kizazi hakiondolewi, na mara nyingi mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama una umri wa miaka 30 hadi 50, kapime hata kama huumwi. Mwenye VVU aanze mapema zaidi na apime mara nyingi zaidi. Mwenye dalili asingoje umri wowote.

Na binti yako?

Nchini Kenya, watafiti waliwachunguza wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ya chanjo ilizuia aina mbili za HPV zilizo hatari zaidi kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18. Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haimzuii binti kuzaa.

Siku ya kliniki ya mtoto, mwulize muuguzi habari zako pia. Na usiende peke yako. Mchukue wifi yako au jirani.