Nyumba ya mwinyi, kinu cha Caesar
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi Waingereza walivyoutwaa mji wa New Amsterdam kutoka kwa Waholanzi mwaka 1664, wakauita New York. Leo tunaupandisha mto Hudson, kama kilomita 40 kaskazini ya Manhattan, hadi Sleepy Hollow, pale kijito cha Pocantico kinapoingia mtoni. Mahali hapo panaitwa Philipsburg Manor. Ipo nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa, na hatua chache tu kutoka mlangoni pake kipo kinu cha maji cha mbao, chenye bwawa lake na gati lake.

Mgeni hushawishika kuanza na nyumba: viti, sahani za Kiholanzi, kitanda cha tajiri. Ningemshauri aanze kinuni. Kinu ndicho kilicholeta nyumba, na mwenye kukielewa kinu hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini nyumba ile imekaa pale ilipo.

Mwanzilishi wake, Frederick Philipse, alizaliwa Friesland, Uholanzi, akafika Marekani akiwa seremala. Mwaka 1662 alimwoa Margaret Hardenbroek, mjane aliyekuwa mfanyabiashara hodari mwenye meli zake. Waingereza walipoingia, Philipse alikula kiapo cha utii kwao na biashara ikaendelea kama kawaida. Alinunua ardhi kipande baada ya kipande, na mwaka 1693 Mfalme William na Malkia Mary wakampa hati ya umwinyi: ekari zipatazo 52,000, yaani hekta 21,000 hivi, kandokando ya Hudson.

Ardhi hiyo aliwakodisha wakulima. Walikuja Waholanzi, Waingereza, Wajerumani na Wafaransa wa Kiprotestanti, wakafyeka misitu na kupanda ngano. Kodi walilipa kwa mazao. Ngano yao waliipeleka kwenye kinu cha mwinyi, na kila gunia lililosagwa liliacha sehemu yake hapo kama ujira wa kusaga. Mwinyi alivuna mara mbili katika shamba ambalo hakulishikia jembe.

Unga wakati huo ulikuwa mali ya kusafirisha, si chakula cha nyumbani tu. Kwa miaka kadhaa mji wa New York peke yake ndio ulioruhusiwa kuchekecha unga wa kuuza ng'ambo. Ukiritimba huo ulifutwa mwaka 1694. Ukiutazama mhuri wa mji huo hata leo utaona mapanga ya kinu cha upepo, mapipa mawili ya unga na biva wawili, wale wanyama wa mtoni waliowindwa kwa ajili ya manyoya yao. Wateja wakubwa walikuwa visiwa vya Karibi. Huko wenye mashamba walipanda miwa hadi mlangoni, kisha wakanunua chakula kutoka bara. Mashua za matanga zilitia nanga ubavuni mwa kinu cha Pocantico, zikapakia mapipa na kuteremka nayo hadi bandarini New York. Umwinyi wa Hudson na sukari ya Barbados ni hesabu za daftari moja.

Sasa tuingie ndani. Maji ya bwawa yanaachiwa kwa lango la mbao, yanasukuma gurudumu kubwa nje ya jengo. Mhimili wa gurudumu unapenya ukutani na kuzungusha gurudumu jingine lenye meno ya mbao. Meno hayo yanang'ata gurudumu dogo lililofungwa kwenye mhimili uliosimama wima, na hapo mwendo wa polepole wa maji unageuka kuwa mwendo wa kasi wa jiwe. Mawe ni mawili. La chini halisogei. La juu, lenye uzito wa mamia ya kilo, linazunguka. Ngano inadondoka kidogokidogo kutoka kwenye sanduku la mbao, inaingia katika tundu la jiwe la juu, inasukumwa kutoka katikati hadi ukingoni, na kutoka huko ikiwa unga.

Siri yote iko katika mwanya kati ya mawe hayo. Mawe hayapaswi kugusana. Yakigusana yanatoa cheche, na vumbi la unga hewani hushika moto kwa urahisi. Mwanya ukizidi, unatoka unga wa chengachenga. Ukipungua mno, jiwe linapata joto, unga unaungua na kuharibika ndani ya pipa kabla safari ya Karibi haijaisha. Kwa hiyo fundi wa kinu husimama karibu na kinywa cha kutolea unga, anachota kidogo, anausugua kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada: anapima ulaini, anapima joto, ananusa. Kisha anainua au kushusha jiwe kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Anausikiliza mlio pia, maana sanduku likiishiwa nafaka sauti hubadilika. Na kila baada ya muda jiwe la juu hunyanyuliwa na kupinduliwa, ili mifereji iliyochongwa usoni mwake inolewe upya kwa nyundo yenye ncha kali. Hiyo ni kazi ya siku nyingi ya kuinama, chembe za chuma na mawe zikirukia mikono.

Aliyekuwa na ujuzi huo Philipsburg aliitwa Caesar. Alikuwa Mwafrika, na alikuwa mtumwa.

Frederick alipofariki mwaka 1702, kinu hiki kilirithiwa na mwanawe Adolphus, mtu asiyeoa, ambaye makao yake hasa yalikuwa mjini New York. Huku mashambani aliacha wasimamizi na watumwa. Adolphus alifariki mwaka 1750, na mali yake ikaorodheshwa. Katika orodha hiyo, pamoja na ng'ombe, vyombo na fanicha, wameandikwa watu 23 kwa majina: Caesar, Dimond, Sampson, Massy na wenzao, watoto wakiwemo, na wazee walioelezwa kuwa hawafai tena kwa kazi. Mwaka huohuo gazeti la New York lilitangaza mauzo kinuni hapo. Miongoni mwa vilivyouzwa walikuwamo wanaume wanne: fundi wa kinu, mwendesha mashua na wakulima wawili, pamoja na wanawake na watoto.

Tangazo hilo lastahili kusomwa kwa makini. Fundi, baharia, mkulima: hizo ndizo kazi tatu zilizoufanya umwinyi uende, kutoka shambani hadi kinuni hadi bandarini, na katika zote tatu walikuwamo watumwa. Wauzaji walizitaja kazi zao kwa sababu ziliongeza bei. Nyaraka za mwinyi zenyewe, zilizoandikwa ili kumhesabu Caesar kama mali, ndizo zinazotuonyesha kwamba bila ustadi wa watu kama yeye mali hiyo isingekuwapo.

Familia ya Philipse nayo haikudumu. Katika vita vya uhuru wa Marekani Frederick wa tatu, mwinyi wa wakati huo, alikuwa upande wa mfalme wa Uingereza. Mwaka 1779 ardhi yote ilitaifishwa, kisha ikauzwa vipandevipande, na baadhi ya wapangaji wakawa wamiliki. Utumwa ulibaki. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuuondoa taratibu mwaka 1799, na ukakoma kisheria tarehe 4 Julai 1827, miaka 77 baada ya mnada wa kinuni.

Mgeni ajue pia kwamba kinu anachokiona si mbao zilezile alizozishika Caesar. John D. Rockefeller Mdogo alifadhili ukarabati, mahali pakafunguliwa kwa umma mwaka 1943, kisha baada ya uchimbuzi wa wanaakiolojia kinu na bwawa vikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1969. Kwa muda mrefu wageni walisimuliwa zaidi maisha ya Waholanzi. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 makumbusho yalibadili mwelekeo, na orodha ya mwaka 1750 ikawa msingi wa simulizi.

Kwa hiyo ukipata bahati ya kufika, mwombe anayekuongoza akufungulie lango la maji, na muulize maswali ya kinuni: nani alijua kurekebisha mwanya, nani alinoa mawe, nani alipakia mapipa. Ukishajibiwa, ingia nyumbani kwa mwinyi ukatazame sahani.

Swali moja limebaki: watumwa wa Philipse walitoka wapi? Wapo waliochukuliwa Soyo, karibu na mdomo wa mto Kongo, na meli ya Philipse iliyoitwa Charles, mwaka 1685. Wengine walitoka katika bahari yetu wenyewe. Philipse alikuwa na biashara na Adam Baldridge, haramia aliyeweka kituo chake katika kisiwa cha Sainte-Marie, Madagaska. New York ilipeleka nguo, viatu na pombe, na meli zilirudi na watumwa. Biashara hiyo ndiyo iliyomwondoa mzee Philipse katika baraza la gavana mwaka 1698, na ndiyo habari ya wiki ijayo.